Karai Si Mgonjwa Wako

Kwenye kantini ya kiwanda cha viatu, saa saba kamili mchana, watu walikuwa wakitoka kwenye mashine zao mbiombio kama wanaowahi mazishi ya tajiri. Hawakukimbilia wali. Wali ulikuwepo kila siku na haukuwahi kumpungukia mtu. Walikimbilia karai moja jeusi la chuma, pana kama beseni la kuogeshea mtoto, lililokuwa likivuma juu ya jiko la gesi pale kona ya kushoto. Nyuma ya karai hilo alisimama mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, kitambaa kichwani, jasho puani. Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana ofisini tu. Wengine wote walimwita Bi Karai, naye aliitika bila kinyongo.

Hakuajiriwa kupika. Aliingia pale kuosha vyombo. Mpishi wa wakati huo alikuwa mtu wa kuchemsha: alichemsha nyama, akachemsha kabichi, akachemsha karoti mpaka zikasahau kwamba ziliwahi kuwa karoti. Siku moja mpishi huyo alishikwa na jino, hakuja. Siku hiyohiyo mtungi wa gesi ukawa unakata roho, na mwingine haujaletwa. Mzee Wali, ambaye kazi yake ilikuwa wali na hakutaka kusikia habari nyingine, alishika kiuno akasema, "Leo hakuna nyama itakayoiva hapa. Watakula wali mkavu, wamlaumu nani shauri yao."

Muosha vyombo akajifuta mikono kwenye kanga. "Nipe kisu kikali," akasema, "halafu niache."

Alikata nyama vipande vyembamba kama vidole vya mtoto. Akakata karoti, pilipili hoho, vitunguu na kabichi, vyote kwa unene mmoja, ili kimoja kisimsubiri kingine. Karai aliliona limetundikwa ukutani, linatumika kubebea maganda. Akalisugua, akalipasha moto tupu mpaka likatoa moshi mwembamba, ndipo akamwaga mafuta. Mzee Wali alipiga kelele kwamba nyumba itaungua. Muosha vyombo aliendelea na kazi. Alitupa tangawizi na kitunguu saumu, akahesabu mpaka tano, akatia nyama konzi chache, akaigeuzageuza bila kupumzika, akaitoa. Ikafuata karoti, kisha hoho, kisha kabichi, nyama ikarudi, chumvi mwisho. Kila karai lilichukua dakika nne. Mtungi ulizimika wakati sahani ya mwisho inapita dirishani.

Kesho yake wafanyakazi walipoletewa kabichi ya kuchemsha, waligonga meza kwa vijiko. Na kesho kutwa yake pia. Wiki haikwisha, muosha vyombo akawa mpishi.

Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye kona ile. Alikuwa na masharti yake, na mtu akijaribu kuyavunja alikiona cha mtema kuni. Moto usipunguzwe. Karai lisifunikwe. Lisijazwe, kwa sababu, kama alivyokuwa akimwambia kila aliyeletwa kumsaidia, "Ukilijaza hukaangi tena, unachemsha kwa hasira." Na mboga zilizokatwa zikaushwe maji kwa kitambaa kwanza. Mboga yenye maji kwenye mafuta ya moto humrukia mpishi usoni, naye hakuwa na uso wa akiba. Lakini kilichowafanya watu wasimame dirishani hata wakishapata sahani zao ni ule mrusho. Alikamata sikio la karai kwa mkono wa kulia, akalivuta kidogo, akalisukuma, na chakula chote kikaruka hewani kwa pamoja, kikajipindua, kikatua bila hata njegere moja kupotea. Aliufanya bila kutazama, huku akimuuliza mtu habari za mkewe aliyejifungua.

Basi ule mwaka wa ishirini na mbili, kantini ikapata meneja mpya. Alikuwa kijana mstaarabu, shati limenyooshwa, sauti ya chini, daftari halimtoki kwapani. Bi Karai hakuwa na ugomvi naye, ila jambo moja. Mfereji wa maji machafu chini ya sinki ulikuwa umeziba, na maji yalikuwa yakipanda na kutandaa kwenye sakafu mpaka karibu na jiko lake. Alimwambia meneja mara ya kwanza, meneja akaandika. Alimwambia mara ya pili, akaandika tena. Mara ya tano Bi Karai akamuuliza, "Mwanangu, hilo daftari lako lina bomba ndani?" Meneja akacheka, akaandika.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Bi Karai amebeba beseni la karoti zilizooshwa, miguu ikamtoka kwenye maji yale. Beseni likaenda kwake na yeye kwake. Aliangukia mkono wa kulia, kiwiko chini, uzito wote juu. Mzee Wali, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka hapo, alisema baadaye kwamba alisikia mlio kama wa kuni kavu.

Miezi mitatu akakaa na plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda kama si wake, na kiwiko kimejifunga. Haukunyooka wala haukujikunja sawasawa. Ulikaa katikati, kama mkono wa mtu anayetaka kuombea jambo kisha akaahirisha. Vidole vilishika kikombe, lakini kikombe hakikufika mdomoni.

Daktari, mwanamume mwenye mvi na kalamu tatu mfukoni, aliukunja kidogo, akaunyoosha kidogo, akatikisa kichwa. "Mfupa umeunga vizuri. Kiwiko ndicho hakitarudi kama zamani. Utafanya shughuli ndogondogo. Ila kule kurusha karai, mama, sahau."

Bi Karai alivuta mkono wa gauni akaufunika mkono wake. "Daktari, mkono umenitibia, na Mungu akulipe. Lakini karai si mgonjwa wako."

Nyumbani alikuta mambo yameshapangwa. Binti yake, ambaye alikuwa ameolewa mtaa wa pili na alifanya kazi kwenye duka la dawa, alikuwa amemnunulia kiti cha kuegemea, chenye mito miwili, akakiweka barazani. "Mama, umefanya kazi ya kutosha," alisema. "Sasa kaa, ule, usalimiane na wapita njia."

Mama alikitazama kile kiti kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Ndiye aliyekuwa akipika tangu ajali itokee, na upishi wake ulikuwa wa aina moja: kila kitu sufuriani, maji juu, mfuniko, halafu anakwenda zake kuchomelea geti la mtu.

"Hii ni nini?" mkewe alimuuliza siku moja, akiinua kitu kwa kijiko.

"Bamia."

"Na hiki?"

"Nacho ni bamia, ila cha upande wa chini."

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Lakini baada ya kucheka, mke hakula. Alikaa akiuangalia mkono wake wa kushoto uliolala mezani. Ni mkono ambao kwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kushika kitunguu wakati wa kulia unakata. Aliufumba, akaufumbua.

Kesho yake, mume alipotoka, alilichukua karai lake dogo la nyumbani, akaliweka juu ya kigoda uani, akatia vikombe viwili vya maharage makavu. Akalikamata kwa mkono wa kushoto, akavuta, akasukuma. Maharage yote yakaruka vizuri, yakapita juu ya karai, yakatua kwenye nguo za jirani zilizoanikwa.

Akayaokota moja moja. Akarudia. Yakamwagika upande wa pili. Kuku wa jirani wakajua kwamba kuna neema, wakawa wanangoja kwa adabu pembeni. Alifanya hivyo asubuhi nzima, mpaka bega likawaka moto. Mume aliporudi alikuta maharage kwenye maua, kwenye ndoo, kwenye kiatu chake kimoja. Akakung'uta kiatu, akasema, "Leo tunakula maharage, naona yamejileta yenyewe."

Wiki ya pili yalibaki nusu. Wiki ya tano yalibaki yote, ukiacha machache yenye kiherehere. Kukata nako kulimtoa jasho. Kisu mkono wa kushoto kilikwenda kisikotumwa, na mkono wa kulia, kwa vile haukunyooka, ilibidi asogee mwili mzima ili ushike kitunguu. Vipande vya kwanza vilikuwa vikubwa kama mawe ya kujengea. Alikata gunia zima la vitunguu hivyo, akilia, na hakuna aliyejua kama ni vitunguu au ni kitu kingine.

Ndipo akawasha moto. Siku ya kwanza ya moto aliunguza kila kitu. Siku ya pili alisahau kukausha hoho, mafuta yakaruka, yakamchoma kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Alipaka dawa, akafunga kitambaa.

Binti alikikuta kitambaa hicho jioni alipokuja kuwasalimu. Akakifungua, akaona malengelenge.

"Mama! Unataka na huu nao uende?" Sauti ilimpanda mpaka majirani wakapunguza redio. "Mimi kila siku dukani nawauzia watu dawa za kuungua, na mama yangu ananitengenezea za kwake! Kiti nimekuletea, chakula tunakuletea, unakosa nini?"

"Sikosi kitu."

"Sasa unatafuta nini?"

Mama hakukasirika. Alimvuta binti akakaa naye ukingoni mwa kitanda. "Nisikilize. Nilipoanguka, watu wote mlinionea huruma, na nashukuru. Lakini huruma yenu imenikalisha chini, na hakuna anayeniambia lini nitasimama. Mkono umekatazwa na kiwiko. Mimi nimekatazwa na nani?"

"Na daktari."

"Daktari alisema mkono wa kulia. Wa kushoto hakuugusa hata kuusalimia."

Binti akataka kucheka, kilio kikamuwahi. Baba alikuwa amesimama mlangoni muda wote, miwani ya kuchomelea ikiwa bado kwenye paji la uso. Akasema polepole, "Mwanangu, mama yako nimekaa naye miaka thelathini. Kumzuia ni kazi, na mimi nina mageti ya watu." Kisha akamgeukia mkewe. "Lile karai la kantini ni zito. Kwa mkono mmoja hutaliinua likiwa na chakula, hata ufanye mazoezi na maharage ya dunia nzima. Hilo nakwambia kama fundi."

Hayo yalimuuma kuliko yale ya daktari, kwa sababu alijua ni kweli. Kwa siku mbili hakuyagusa maharage. Siku ya tatu alimfuata mumewe kwenye karakana yake, akachora kwa mkaa sakafuni: pete ya chuma ya kukalia karai, na chini yake bawaba, ili karai liinamie mbele na kurudi bila kuinuliwa. "Sitalibeba," akasema. "Litabebwa na chuma. Mimi nitalisukuma tu." Mumewe aliinama akautazama ule mchoro, akakuna kidevu, akaongeza mstari mmoja: mpini wa upande wa kushoto.

Wakati huo kantini nayo ilikuwa imegeuka. Meneja alikuwa ameleta masanduku makubwa ya umeme ya kutunzia joto. Mboga zilipikwa saa kumi na mbili asubuhi, zikafungiwa humo, zikatolewa saa saba. Mzee Wali alipita kumjulia hali akamsimulia, akishusha sauti kama anayetangaza msiba. "Kabichi inatoka na rangi ya shati la fundi gereji, dada yangu. Watu wanakula kwa sababu wana njaa. Hata kugonga meza hawagongi."

Kisha ikaja barua. Meneja alimwandikia kwa heshima kwamba kiwanda kinathamini utumishi wake, na kwamba amemtafutia kazi inayolingana na hali yake: kukaa dirishani, kupokea tiketi za chakula.

Alivaa gauni lake la kutokea akaenda mwenyewe kujibu. Meneja alimpisha kiti. Hakukaa.

"Barua nimeisoma, mwanangu. Nimekuja kurudi kwenye jiko langu."

"Mama, siwezi." Meneja alisema kweli kweli, si kwa kiburi. "Ukiungua, ukianguka, nitawajibu nini wakubwa?"

"Mara tano nilikwambia sakafu ina maji. Hukuogopa kujibu. Leo ndiyo umeanza kuogopa?"

Kijana alitazama daftari lake. Masikio yalimwiva. Kisha akasema kwa sauti iliyopungua, "Lete cheti cha daktari. Cheti kikisema unaweza, mimi sitakuwa na neno."

Pengine alidhani ameufunga mlango kwa adabu. Bi Karai aliaga, akatoka, na Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye foleni ya zahanati, karai lake dogo kichwani, mfuko wa maharage makavu kwapani. Watu kwenye benchi walisogea kumpa nafasi, mmoja akamuuliza kama ameletwa kupikia wagonjwa. "Nimeletwa na ubishi," akajibu.

Daktari alipomuona na vyombo vyake akavua miwani. "Mama, hapa tunatibu."

"Najua. Nataka uandike unachokiona, si unachokidhani."

Akaweka karai juu ya kiti, akamimina maharage, akalikamata kwa mkono wa kushoto. Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima ikachungulia. Akavuta, akasukuma. Maharage yakapanda kwa pamoja, yakageuka, yakashuka na kishindo kimoja. Akarudia mara kumi. Akarudia mara ishirini. Mara ya ishirini na moja yakaruka mawili, yakabingirika chini ya kitanda cha kupimia, na mzee mmoja mlangoni akasema, "Hayo ni ya daktari." Kisha Bi Karai akatoa kitunguu mfukoni na kisu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakikata juu ya mfuko wake alioutandika mezani, vipande vyembamba vya unene mmoja, mkono wa kulia ukishika kwa kadiri yake.

Daktari hakucheka. Alimwambia akae, akamshika mkono wa kushoto, akaupima nguvu, akambonyeza bega, akamwambia amsukume, avute, afinye. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti: anaweza kupika kwa mkono wa kushoto, asibebe vitu vizito, apumzike kila baada ya saa moja.

"Ongeza," akasema Bi Karai, "sakafu iwe kavu."

"Hayo si ya kitabibu."

"Nilivunjika kwa maji au kwa malaria?"

Daktari akamtazama, akashusha pumzi, akaongeza. Akapiga mhuri juu yake.

Meneja alikipokea cheti mbele ya Mzee Wali na wapishi wengine wawili. Alikisoma, akakunja, akakifungua tena. Ahadi ni yake, na watu walikuwepo. "Karibu, mama," akasema. "Unaweza kuanza hata leo."

Bi Karai aliinama akaitazama sakafu. Maji yalikuwa palepale, yanang'aa chini ya sinki kama siku ile. "Leo siwezi," akasema. "Cheti kinasema sakafu iwe kavu. Mimi nafuata masharti ya daktari."

Mzee Wali aligeukia sufuria lake upesi, mabega yakitikisika. Meneja alikuwa na daftari mkononi. Safari hii hakuandika. Alitoka, akarudi na fundi bomba kabla ya saa sita. Walipovunja mfereji walitoa tambara, mifupa, kijiko na uchafu wa miaka. Siku mbili baadaye sakafu ilikuwa kavu, na fundi wa vyuma, mume wa Bi Karai, alikuja na pete yake yenye bawaba, akaifunga kwenye jiko kwa bolti nne, akaijaribu kwa kuikalia mwenyewe.

Siku ya kurudi haikuwa siku ya nderemo. Habari zilikuwa zimeenea, foleni ikafika mpaka kwenye mlango wa stoo. Bi Karai aliwasha moto, akausikiliza ukivuma, akapasha karai. Karai la kwanza lilitoka vizuri. La pili pia. Lakini alikuwa mzito. Kwa muda ambao zamani alitoa sahani kumi, sasa alitoa sita. Ile pete ililiinamisha karai sawasawa, ila ilikwaruza, na kila ilipokwaruza watu walinyoosha shingo. Wengine wakachoka wakaenda kwenye masanduku ya joto. Mwanamume mmoja wa sehemu ya gundi alisema kwa sauti ya kusikika, "Sasa tunalishwa kwa mkono wa kushoto?"

Bi Karai hakuinua macho. "Ukitaka nitakupikia kwa mguu. Ila utasubiri nijifunze."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Na hapohapo, kwa kujibu, akachelewa kugeuza. Harufu ilimfikia kabla ya macho: kitunguu saumu kimeungua, na karai zima limeshika uchungu. Kilikuwa chakula cha watu sita. Meneja alikuwa amesimama kando, anaangalia saa. Mzee Wali alinong'ona, "Kichanganye na kingine, dada, hawatajua."

Bega lilikuwa likimpiga kama ngoma. Jasho lilimwingia machoni, na mkono wa kulia haukufika kulifuta. Kwa kitambo kidogo, na hili alimwambia mumewe tu, alikiona kile kiti barazani, mito yake miwili, na kivuli chake kizuri. Kisha akasukuma mpini. Karai likainama, chakula chote kikaenda kwenye ndoo ya takataka mbele ya macho ya watu.

"Kimeungua," akawaambia. "Sijawaletea kitu kilichoungua kwa miaka ishirini na miwili, na leo sianzi. Mwenye haraka aende kwenye masanduku. Mwenye kunisubiri, anisubiri."

Akafuta karai, akalipasha tena tupu, akangoja moshi, akamwaga mafuta. Wawili waliondoka. Wengine walisimama, na yule wa sehemu ya gundi alikuwa miongoni mwa waliosimama. Alipopewa sahani yake alikwenda kuila mbali, dirishani, akiwapa watu mgongo. Ila alirudi kuomba mchuzi uliobaki ndani ya karai.

Mambo hayakurudi kama zamani, na asiyejua asidanganyike. Masanduku ya joto hayakuondolewa. Wanaotoka zamu mapema wanayategemea. Kiwiko hakikufunguka hata kwa nukta moja, na siku za mvua humuuma mpaka anakaa chini. Ule mrusho mkubwa wa karai zima hewani hakuupata tena. Alichokipata ni kingine: msukumo mfupi, karai likiinama na kurudi, chakula kikijipindua karibu na moto bila kupanda juu, na mwiko mrefu mkono wa kulia ukiokoa kile kilichobaki nyuma. Baada ya miezi minne alikuwa anatoa sahani tisa pale alipokuwa akitoa kumi. Ile ya kumi aliiacha, akasema ni ya uzee.

Binti yake alikuja kumtazama kazini mara moja tu, siku ya mapumziko yake. Alipanga foleni kama wengine, hakujitambulisha. Alipofika dirishani akaona jinsi mkono wa kushoto unavyokwenda, na wale watu mia wanavyoungoja, na hakusema lolote juu ya kuungua. Alipokea sahani, akauliza kwa sauti ya mteja, "Hakuna pilipili ya ziada?"

"Ipo," mama akajibu. "Sogea, unazuia watu."

Mwisho wa mwaka meneja alipita na fomu za wafanyakazi. Alikuwa amepoa siku hizo, na sakafu aliikagua mwenyewe kila asubuhi kwa kuipapasa na kiatu. Alisimama karibu na jiko, kalamu tayari, akasoma maswali moja moja juu ya kelele za mafuta. Alipofika kwenye swali la hali ya afya akasita. Kulikuwa na visanduku viwili tu vya kuweka alama, mzima na mlemavu, na alama iliruhusiwa moja tu.

"Niweke wapi, mama?" akauliza. "Sitaki kukosea."

Bi Karai alitia karoti, zikalia, akasukuma mpini. "Pembeni ya hivyo visanduku hakuna nafasi?"

"Ipo kidogo."

"Basi andika hapo: yuko kazini."

Meneja akaandika, akapulizia wino ukauke, akaenda kwa Mzee Wali.